Tela Lililotikisa Mkia

Mimi Sifaeli, fundi wa matela hapa Kijenge, sijawahi kushindwa na chuma. Ndiyo maana tela la boti ya Lemburis lilipoanza kutikisa mkia barabarani nilikasirika kwanza, kuchanganyikiwa kukaja baadaye.

Lemburis alitaka kuwatembeza wageni kwa boti huko Momela. Aliniagiza tela la ekseli mbili, akaniahidi mengine matatu kama hili la kwanza lingefika salama. Mafundi wa Moshi walikuwa wanampigia simu kila siku. Akinikataa yeye, nimekwisha, maana sikuwa na kazi nyingine yoyote.

Karakana yangu ni finyu, kwa hiyo nililipeleka tela, boti ikiwa juu yake, kwa mama, Ngongongare, nikalala huko huko. Jioni ile ya kwanza mama alitoka shambani na mkungu wa ndizi kichwani, akataka kuupakia.

"Mama, hapana," nikasema kwa ukali. "Utomvu utachafua boti ya watu."

Akaurudisha jikoni.

Nikaazima mizani ya kahawa kutoka chama cha msingi. Nilipima tairi moja moja, mengine nikiyainua juu ya mbao zenye kimo kile kile cha mizani, kwa sababu tela likiinama kidogo tu mizani inadanganya. Matairi yote manne yakakaribiana, na ulimi wa tela, ule unaofungwa kwenye gari, ukalalia mbele kidogo, kama inavyotakiwa. Pale pua ya boti ilipofika nikachora chaki kwenye chesisi, nikafunga turubai, nikalala usingizi wa mtu mwenye akili.

Asubuhi Lemburis alikuja na Landkruza yake tukaenda kulijaribu. Hatukufika mbali, tela likaanza kuyumba huku na huku. Tuliposimama, matairi ya nyuma hayakushikika kwa moto.

"Uzito umekaa nyuma," nikasema.

"Si ulipima jana, fundi?"

"Nilipima."

Jioni nikafuta chaki, nikavuta boti mbele inchi nne, nikapima upya. Sawa kabisa. Asubuhi ya pili likayumba vile vile! Nikakagua springi, bearingi, upepo wa matairi. Hakuna kitu. Nikaivuta boti mbele tena, nikachora chaki ya tatu, na moyoni nikaanza kuwahesabu majirani wenye macho mabaya, mimi mzee wa kanisa.

"Kesho ndiyo mwisho," Lemburis aliniambia kabla ya kuondoka. "Likiyumba, naenda Moshi."

Usiku huo sikugusa chakula. Mama akanisogezea sahani. "Kula, baba. Chuma ni chuma tu." Niliona aibu kumwambia kwamba naogopa.

Asubuhi ya tatu sikungoja gari. Nikaingiza mizani chini ya tairi la nyuma: kilo thelathini zaidi ya jana jioni. Upande wa pili, hivyo hivyo. Chaki ilikuwa palepale, boti haijasogea hata unywele. Nikakaa chini kwenye majani yenye umande nikiitazama ile namba. Kichwani hamkuwa na kitu.

Lemburis alinikuta hivyo. Akamwamkia mama shikamoo, akazunguka nyuma ya boti, akashika kamba ya turubai.

"Fundo hili umefunga wewe?"

Nikaangalia. Halikuwa langu. Lilikuwa fundo la kufungia majani ya ng'ombe, nalijua tangu utoto, na boma zima analifunga mtu mmoja tu.

Tukafungua. Chini ya kiti cha nyuma, ndani kabisa, kulikuwa na mikungu sita ya ndizi, kila mmoja umefungwa gazeti ili utomvu usichuruzike, na mfuko wa parachichi. Mikungu miwili kwa kila usiku. Mimi nasogeza boti mbele, mama anaongeza nyuma.

"Mama!" Nilipaza sauti mbele ya mgeni. "Umetaka kuniua?"

Alisimama pale mlangoni, mikono ndani ya kanga.

"Tangu baba yako afe," akasema, "unakuja, unalala, unaondoka mikono mitupu. Wakati wake hukutoka hapa bila mzigo. Nyumba ambayo mtoto anatoka mikono mitupu, watu wanajua imekufa. Mimi bado niko hai, Sifaeli."

Nilijisikia mdogo kuliko boriti iliyokatwa vibaya.

Lemburis ndiye aliyeanza kupakua. Mikungu mitano ikajaza nyuma ya Landkruza, na mimi nikarudisha boti hadi kwenye alama ya kwanza niliyokuwa nimeifuta, ambayo bado ilionekana kwa mbali. Nikapima. Matairi manne, sawa.

"Mama, na mimi nitapata mmoja?" Lemburis akauliza.

"Chukua miwili, mwanangu."

Tulikwenda hadi Momela tela limetulia, na njiani akaanza kunieleza vipimo vya la pili. Mimi nilikuwa nimepakata mkungu wa sita, uliokosa nafasi nyuma. Gazeti lilikuwa limechanika. Utomvu ukaingia kwenye suruali yangu nzuri, na utomvu wa ndizi hautoki kwenye nguo. Sikusogeza mguu.