Sentensi ya Mzee Hiram

Mimi hufundisha Kiingereza Kidato cha Pili pale Kitale, na kazi yangu kubwa ni kuwaonyesha watoto jinsi sentensi mbili zinavyoshonwa kuwa moja. Nawaambia kwamba mtu akianza na 'although', yaani 'ingawa', usiondoke. Kuna kipande kinakuja, na hicho ndicho chenye maneno. Ugonjwa huu nimeubeba hadi nje ya darasa. Mtu akikatizwa akizungumza, mimi hushinda siku nzima nikijiuliza alitaka kumalizia vipi.

Basi siku wazazi wa Thuo walipokuja kwetu Matulo, kule Bungoma, kuniposa, nilikuwa jikoni na kuku wawili motoni, sikio nimelitega mlangoni. Kwetu msichana haonekani mpaka aitwe. Nilimtaka Thuo, na nilijua babangu, Mzee Wabwile, akishasema hapana mbele ya wageni, hakuna wa kumgeuza.

Babake Thuo, Mzee Hiram, alikuwa mkaguzi wa shule kabla hajastaafu. Kiswahili anakijua vizuri, ndicho anachonunulia mbuzi sokoni, lakini jambo zito kwake ni la Kiingereza. Baba Kiingereza hakijui, basi kaka yangu Hillary akapewa kutafsiri, kwa kuwa ndiye mkalimani wetu kanisani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kanisani mhubiri akivuta pumzi tu, Hillary ameshanyakua kipande na kukitangaza. Viunganishi huwa anavitupa njiani.

Mzee Hiram akaanza kwa Kiingereza kwamba ingawa mke wake hakutaka msichana wa upande huu. Akavuta pumzi.

"Mke wangu hakutaka msichana wa upande huu," Hillary akatangaza.

Mzee Hiram akaendelea kwamba ingawa yeye mwenyewe aliona Matulo ni mbali mno. Kikohozi kikamshika hapo hapo.

"Na mimi naona Matulo ni mbali sana."

Nikasikia kiti cha baba kikikwaruza sakafu.

"Si wangepiga simu tu," baba akasema. "Kuliko kutoka Kitale kuja kututukana. Hillary, fungulia wageni geti."

Nilimwogopa baba, lakini hamu ya kujua sentensi ile inakwenda wapi ilikuwa kubwa zaidi. Shangazi niliyekuwa naye jikoni akanishika leso, nikamwachia leso, nikatoka.

"Baba, keti kwanza. Huyu mzee hajamaliza."

"Wewe nani amekuita?"

"Hakuna. Lakini kuna neno Hillary ameacha, mara mbili. Mtu akianza hivyo, lazima kuna kitu anakuja kusema. Hata mimi nataka kukisikia."

Baba hakuketi, lakini hakuondoka. Sote tukamgeukia Mzee Hiram. Maskini, machozi yalikuwa yanamtoka kwa kukohoa, mkono ameuinua kuomba subira. Niliutazama mdomo wake kama vile wanafunzi wanavyoitazama kengele.

Aliyeinuka ni mke wake, Mama Bilha, ambaye tangu aingie hakuwa amesema zaidi ya salamu. Viatu vyake vilikuwa na tope hadi juu. Gari lao lilikwama barabarani, wakatembea.

"Tukingoja huyu amalize Kiingereza tutalala hapa," akasema kwa Kiswahili. "Ni mimi sikutaka. Nilimwambia Thuo, mimi siendi huko, hata unibebe." Akanitazama kuanzia miguu mpaka kichwa, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichoambiwa kipo. "Na nimekuja. Nimekuja nikuone mwenyewe."

Hillary akafungua mdomo atafsiri, akaufunga.

Baba akarudi kitini. Mimi nilikuwa nalia mbele ya wageni wote, kwa furaha na kwa aibu, na sikujali. Mamangu akajisogeza kwenye kochi, akapapasa nafasi iliyobaki kando yake, na Mama Bilha akaja akaketi.