Kidevu cha Shemeji

Lori lilikuwa limeshaliacha lango la mgodi, nami nimekaa nyuma juu ya godoro langu lililokunjwa, nilipomwona shemeji yangu anakimbia. Alivaa koti lake jeupe la zahanati, linapepea kama shuka kwenye kamba, na mkono mmoja ameuinua juu. Mdomo wake ulifunguka, ukafumbika, ukafunguka tena. Injini ilikuwa inanguruma chini yangu, naihisi mpaka kwenye mifupa, lakini sauti ya mtu aliyekuwa karibu kulishika lori sikuipata hata chembe. Mke wangu alikaa mbele na dereva, dirisha wazi. Yeye alisikia. Aligeuka akamtazama kaka yake mara moja tu, akamwambia dereva jambo, lori likaongeza mwendo.

Huyo mkimbiaji ndiye aliyeniingiza kazini, na ndiye aliyenitoa.

Mimi ni mtu wa miguu. Shule nimesoma vipandevipande, darasa huku, darasa kule, kila baba alipohama. Nilipokuwa mtu mzima nikaendelea kuhama mwenyewe. Nimechoma mkaa, nimebeba magunia, nimelinda maghala ya watu walionisahau humo. Nilipooa, mke wangu alisema anataka mlango mmoja, aufunge na kuufungua uleule kila siku. Kaka yake alikuwa mpimaji katika zahanati ya mgodi. Akanisemea, nikapata kazi ya kutoboa mwamba chini ya ardhi, tukapewa nyumba ya kampuni yenye vyumba viwili, bati jipya na kufuli la shaba. Kwa mara ya kwanza maishani nikatulia.

Mashine ya kutoboa mwamba tuliiita Mama Mkwe, kwa sababu ikianza kusema hakuna wa kuijibu. Unaikumbatia, inaupiga mwamba, na upepo unaoiendesha unatokea ubavuni kwa mlio wa kupasua kichwa. Mashine hizo zilikuja na sailensa zake, makopo ya chuma ya kufungwa pale upepo unapotokea. Msimamizi alizifungua zote akazitia stoo, maana zikiwepo mashine inapunguza kasi. Vikinga masikio navyo tulipewa. Vikachakaa, havikuletwa vingine mpaka siku ya wageni. Getini kulikuwa na ubao mkubwa: LINDA MASIKIO YAKO. Ubao ule ulipakwa rangi mara kwa mara. Sisi tu ndio tuliochakaa.

Mwenzangu wa kazi tulimwita Pacha, kwa kuwa mimi na yeye hatukuachana. Mrefu, mcheshi, mdomo wake haukujua likizo. Kabla ya kutoboa, kazi yangu ilikuwa kugonga paa la mwamba kwa mtaimbo na kusikiliza. Mwamba mzima hulia kama chuma juu ya chuma. Mwamba ulioachana na wenzake hulia kizito, kama unagonga mlango wa kabati tupu. Hapo mnakaa mbali, mnauangusha kwanza. Pacha hakuigusa mashine mpaka niseme, "Safi." Maisha yake yalikaa ndani ya masikio yangu, na hiyo si methali. Ndivyo kazi ilivyokuwa.

Kila mwaka tulipimwa. Zahanati ilikuwa na kibanda kidogo chenye kioo. Unaingia, unavaa spika za masikioni, unashika kitufe, na kila ukisikia mlio unabonyeza. Shemeji anakaa upande wa pili wa kioo, anaendesha chombo. Na kila alipotoa mlio, aliinua kidevu. Kidogo tu, kama mtu anayekusalimu kwa mbali. Ukikitazama kidevu, umefaulu. Wote tulijua, na waliokuja wapya tuliwafundisha wenyewe: "Usifumbe macho, bwana. Masikio ya mgodi huu yako machoni."

Tulimpenda kwa kidevu kile. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba anayefeli anafungashwa virago siku hiyohiyo, basi tukamwona kama mtu anayetuibia ng'ombe wa tajiri atugawie nyama. Kumbe ng'ombe alikuwa wetu.

Dalili nilizipata nyumbani. Mke wangu akisema nikiwa nimempa mgongo, nikigeuka nakuta chai imepoa na yeye amenuna. Ndege wa alfajiri waliacha kulia, nikadhani wamehama, ndugu zangu hao. Halafu siku moja kule chini nikagonga paa, nikafungua mdomo niseme safi, Pacha akanivuta kwa mkanda.

"We mzee! Hilo hukulisikia? Linalia kama tumbo la mbwa mwenye njaa!"

"Nimelisikia."

"Umelisikia wapi? Sikio la kufa hilo, halisikii dawa." Akacheka, akanipiga bega. Mimi sikucheka.

Nilipotoka zamu sikuoga. Nikaenda zahanati na vumbi langu, nikamkuta shemeji anakunywa chai.

"Shemeji, niambie ukweli. Masikio yangu yamekwisha?"

"Nani kasema? Umri unabisha hodi tu, shem."

"Basi nipime bila kidevu. Kama yameharibika, andika hivyo. Mimi ndiye ninayemgongea mwenzangu paa."

Akaweka kikombe chini, akasogeza kiti mpaka magoti yetu yakagusana. Alisema polepole, usoni kwangu, kama mtu anavyosema na kiziwi. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. "Nikiandika hivyo, dada yangu atalala barabarani. Unataka? Mimi na wewe tumekula sahani moja. Nikikuangusha wewe, nitamtazama yeye kwa macho gani?"

"Na Pacha?"

"Pacha mwambie aache kupiga domo, atazame juu. Wewe una masikio ya sungura. Nenda nyumbani."

Kilemba cha ukoka, nami nikakivaa nikaenda nacho. Nilipomweleza Pacha, alisema, "Kama mpimaji amesema, mimi ni nani?" Tukaendelea.

Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha huko juu, nikagonga paa kama siku zote. Nilisikia chuma juu ya chuma, au kichwa changu kiliniletea mlio wa zamani. Nikasema, "Safi." Jiwe lililoshuka halikuzidi meza ya chakula, lakini mguu wa mtu nao hauzidi meza. Pacha alipiga kelele, nikamwona anapiga kelele.

Ajali ikaleta wakaguzi, na wakaguzi wakaja na muuguzi wao, binti mfupi mwenye viatu vya matope. Akaamuru sisi wa chini tupimwe upya, shemeji akae nje. Nilipoingia kibandani nikamkuta anageuza kiti kielekee ukutani.

"Mbona unageuza kiti, mwanangu?"

"Ndivyo inavyotakiwa, baba. Napima masikio, sipimi macho."

Nikakaa nautazama ukuta, kitufe mkononi. Ukuta ulikuwa na ufa mwembamba, nikaufuata kwa macho kutoka juu mpaka chini. Nikabonyeza mara moja moja. Nikawa nasubiri aanze hasa. Akanigusa bega: amemaliza.

Nikamshika mkono. "Binti, nakuomba usiandike. Watanifukuza."

"Nani kakwambia?" Akainama usoni kwangu, akapaza sauti. "Anayefeli hafukuzwi, baba. Anapandishwa juu, karakana au stoo, mshahara uleule, na anapewa kifaa cha kusikilizia. Kanuni ni hiyo tangu mgodi ufunguliwe. Na wakifeli wengi, mgodi unalazimishwa kufunga sailensa kwenye mashine zote." Akakunja karatasi yake. "Ila hapa hajawahi kufeli mtu. Tulikuwa tunashangaa."

Katika mwaka ule ni maneno machache niliyoyasikia yote. Hayo natamani yangenipita.

Shemeji nilimkuta nyuma ya zahanati, ananawa mikono.

"Ulijua?"

Akaendelea kunawa.

"Nimekuuliza, ulijua?"

"Sikio halizidi kichwa, shem. Msimamizi alinipa masharti siku ya kwanza. Ninyi wote mngepanda juu, nani angetoboa?"

"Nilikuja kwako kwa miguu yangu. Nilikuomba."

"Ulikuja unatafuta nyumba. Nyumba nimewapa."

"Na mguu wa Pacha?"

Aliinua kidevu. Sidhani alikusudia, kidevu kilishazoea kuinuka akinitazama. Na kidole gumba changu, mkono ukiwa mtupu, kikabonyeza hewa.

Ofisini meneja alisema mambo mafupi. Vipimo vyangu vya miaka yote ni vya kijana. Basi masikio haya yameharibika majuzi, tena kwingine, si kwake. Na mtu mwenye masikio mazima kiasi kile, akagonga mwamba mbovu akasema safi, huyo ni mzembe, amemvunja mwenzake mguu. Walimwita shemeji. Wakamuuliza kama vipimo vyake ni vya kweli. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, kanga yake ameikamata kwa meno. Kaka yake akasema ndiyo, ni vya kweli, akitazama kalamu za meneja. Nikafukuzwa palepale, na nyumba wakaitaka.

Tulipofika nyumbani mke wangu hakulia. Alifunga vyombo, akaja akasimama mbele yangu mahali ninapomwona mdomo, akasema, "Twende zetu. Si ulikuwa unapenda kuhama?"

Kwa hiyo lori. Na kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile shemeji alikuwa anakimbia kuomba radhi. Nilimpangia na maneno yenyewe. Siku nyingine nilimsamehe, siku nyingine nilimkatalia, kutegemea jinsi kichwa kinavyonguruma. Mwaka juzi ndipo nilipomuuliza mke wangu alisema nini.

"Ufunguo," akasema. "Alikuwa anataka ufunguo wa kufuli. Nyumba walishampa mtu mwingine."

Shemeji alihamishiwa mgodi mwingine, kazi ileile. Tulimwona kwenye msiba wa mama yao. Mke wangu alimpa mkono, hakumpa neno. Msimamizi alipandishwa cheo. Sailensa zilifungwa mwaka uliofuata, baada ya wenzangu wengi kufeli wakitazama ukuta. Waliobaki chini wanavaa vikinga na wanapimwa wakiwa wamegeuzwa. Muuguzi sijui alikokwenda. Pacha anashona viatu, mguu mmoja umepinda kama herufi L. Hutujia mara kwa mara, hunitazama usoni akisema, na bado ananitania. Mke wangu ana mlango wake, wa chumba cha kupanga. Mimi nina kifaa cha sikio la kushoto alichonipa binti yetu tuliyemzaa baadaye; kinapiga mluzi, nakitoa. Kichwani mwangu ile mashine, Mama Mkwe, hainyamazi. Ufunguo uko kwenye kopo la vifungo.