Pingamizi la Ziwa

Jumamosi alfajiri, karani wa masijala ya ofisi ya ardhi alikuwa amekwisha kufunga na kufungua kamba za viatu vyake mara tatu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amelitunza jalada la ziwa la mlimani. Alikijua kina chake, mipaka yake na namba yake, ila hakuwahi kulitia machoni. Mdogo wake, muuguzi, alikuwa ametoka zamu moja kwa moja na pikapu ya mumewe.

"Dada, utazikata hizo kamba," alisema. "Ziwa halikimbii."

Walipanda mlima wakiimba mpaka sauti zikawakauka. Barabara ilipoishia waliacha gari, wakamalizia kwa miguu. Walipotokeza juu ya ukingo, ziwa lilikuwa chini yao, kijani pembeni, buluu iliyokolea katikati, na ndege weusi wa shingo ndefu walikuwa wakianika mbawa juu ya mawe.

"Kumbe ndiwe!" karani alipaza sauti, akateremka mbio, mkoba ukimpiga mgongoni. Mdogo wake alimfuata akicheka. Walivua viatu, wakaingia, baridi ikawakata pumzi, wakatoka wakipiga mayowe, wakaingia tena.

Kisha karani aliviona vigingi. Vilikuwa ishirini na vinne, vimepakwa rangi nyekundu, vimefuata ufuko wa mashariki hadi kwenye matete ambamo ndege walitagia. Alizitambua namba zilizoandikwa juu ya vigingi hivyo. Kibali cha kujenga hoteli hapo kilipita mikononi mwake. Yeye ndiye aliyekitoboa matundu mawili na kukipanga jaladani.

"Bomba la maji machafu litashukia hapa," alisema. "Nilisoma. Nikageuza ukurasa."

"Haiwezekani kupinga?"

"Mwisho ni Jumatatu. Lakini anayepinga lazima awe mkazi wa eneo, na afike mwenyewe. Huku haishi mtu."

Muuguzi alilitazama ziwa. "Na hili je?"

Ziwa lilinyanyuka. Lilianzia kwenye kina, likajikusanya, likaukwea ukingo taratibu na samaki wake wote, likateremka hadi nyuma ya pikapu, likasimama hapo kungoja.

"Kwenye kona uende polepole," karani alimwambia mdogo wake, moyo ukimdunda kwa furaha. "Lisije likamwagika."

Jumapili ziwa lilipumzika kwenye uwanja wa mpira, na timu mbili zikaahirisha mechi bila kunung'unika. Jumatatu saa mbili kamili lilikuwa la kwanza kwenye foleni ya ofisi ya ardhi. Mlinzi aliandika kwenye daftari la wageni: *Ziwa. Sababu ya kuja: pingamizi.* Akawaomba waliopanga foleni nyuma ya ziwa wapandishe suruali.

Siku hiyo ofisi ilichangamka. Makarani waliacha chai zao wakaja kusaidia kusogeza mafaili kwenye rafu za juu. Karani alijaza fomu, na ziwa likaweka sahihi, doa moja la maji lililopenya hadi nakala ya tatu. Mkuu wa ofisi, mtu mpole, alipandisha miguu juu ya droo iliyo wazi, akasoma mstari kwa mstari, kisha akagonga muhuri: IMEPOKELEWA. Kule koridoni dada wawili walikumbatiana, wakarukaruka majini mpaka kuta zikalowa.

"Jibu lini, mkuu?" aliuliza muuguzi.

"Leo hii hii. Wakaguzi wako huko juu tangu asubuhi."

Saa nane ripoti ilifika. Wakaguzi walikuta shimo kubwa lenye tope na nyayo za ndege. Ziwa hawakuliona. Pasipo na maji hapana cha kuchafuliwa; pingamizi lilitupwa, na eneo la hoteli likaongezwa hadi ng'ambo ya pili.

"Lakini ziwa si hili hapa, mkuu?" alisema karani. "Limekufika magotini!"

"Nalihisi, dada yangu. Samaki wake mmoja yumo kwenye droo yangu. Lakini ripoti inahusu pale, haihusu hapa."

Mkuu alimkabidhi barua ya uamuzi aitoboe. Karani aliirudisha mezani, akachukua mkoba wake, akalisindikiza ziwa hadi langoni. Mkuu alimwita karani mwingine, naye akaitoboa.

Jioni ziwa lilikuwa limerudi kwake mlimani. Jumamosi iliyofuata dada wawili walipanda tena, wakiimba zaidi ya mara ya kwanza. Matete yalikuwa yameshafyekwa, na ndege walisimama juu ya vigingi. Mafundi walikuwa wakijenga msingi, maji yakiwafika vifuani, wakipanga matofali kwa kupapasa.

Dada wawili walivua viatu wakaingia. Msimamizi wa ujenzi aliwasogelea, ramani ameinyanyua juu ya kichwa isilowe.

"Samahani, mama zangu," alisema kwa adabu. "Hapa ni nchi kavu. Hapaogelewi."

"Tunatembea tu," alijibu karani, akavuta pumzi, akapiga mbizi.