Mtoto wa Ukurasa wa Kumi na Nne

Gazetini walimwita Mama Mkasi, na jina likamganda. Kwa kazi alikuwa msomaji prufu. Alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha, kalamu nyekundu mkononi, akiwinda makosa ya wenzake: nukta iliyopotea, mwaka uliogeuzwa tarakimu, jina la mkubwa fulani lililodondosha herufi. Wasomaji hawakumjua kwa hilo. Walimjua kwa safu yake ya kila Jumapili, ukurasa wa kumi na nne, kona ya chini, iliyoitwa "Mikono Midogo".

Humo aliwafundisha wazazi vitu vya kutengeneza na watoto wadogo kwa takataka za nyumbani. Trei ya mayai iligeuka kiwavi. Soksi iliyopotelewa na mwenzake ilishonwa vifungo viwili ikawa na macho. Kiazi kilikatwa nusu, kikachongwa nyota, kikachovywa kwenye rangi na kugongwa kwenye karatasi kama muhuri wa ofisini. Alikuwa na masharti matatu. Kisihitajike kitu cha kununua. Kazi isizidi robo saa, maana mzazi aliyetoka kibaruani hana zaidi ya hapo. Na mtoto ndiye akate, ndiye abandike, hata kama kitakachotokea kitakuwa kituko.

Safu yenyewe aliipata kwa bahati tu. Aliyekuwa akiiandika aliacha kazi ghafla, mhariri akatoka ofisini akauliza nani hapo ana mtoto mdogo, naye akanyoosha mkono. Wakati huo binti yake alikuwa na miaka minne, na ndoa yake ilikuwa bado imesimama, ingawa kwa mguu mmoja.

Mwaka haukuisha ndoa ikavunjika, bila kelele wala matusi. Mume akahamishwa kikazi kwenda mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Wakaketi, wakakubaliana mtoto aende na baba kwa muda, kwa kuwa huko alikuwepo shangazi wa kumwangalia, ilhali mama alikuwa harudi nyumbani mpaka kurasa zote zimekwenda mtamboni. Kwa muda, walisema. Muda huo ukafika miaka mitano. Baba akaoa tena, akapata mtoto wa kiume. Binti akawa anakuja kwa mama likizo ndefu, wiki mbili kwa mwaka, na mwaka uliopita hakuja kabisa kwa sababu ya tetekuwanga.

Safu haikukatika hata mara moja. Kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, Mama Mkasi alitandika magazeti makuukuu juu ya meza ya kulia chakula, akakunja mikono ya blauzi na kujaribu kazi ya wiki. Alikata kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa huo ulikuwa mzito kama wa mtoto, naye alitaka kujua mtoto angekwama wapi. Akishaona, aliandika: "Binti yangu alipofika hapa alichoka akataka kuacha. Mwache apake rangi, wewe malizia kukata."

Huyo mtoto wa gazetini alikuwa na tabia zake. Aliogopa mende. Hakupenda vidole vyake vinate. Alisema "nimemaliza" kabla hajaanza. Wasomaji walimpenda, wakawa wanamtumia salamu, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza inakuwaje mtoto atimize miaka minne mara tano. Mhariri alijua, lakini alikaa kimya. Safu ilikuwa inasomwa, yatosha.

Kiwavi au treni iliyotengenezwa ilikaa juu ya kabati wiki moja. Halafu Mama Mkasi aliitupa mwenyewe, kwa kuwa wa kuichezea hakuwepo.

Likizo ya mwaka huo binti alishuka kwenye basi akiwa amemfikia mama yake begani. Alikuwa na miaka tisa, begi lake alibeba mwenyewe, nywele alikuwa amezisuka mwenyewe, mistari ikapinda kidogo nyuma. Alimwamkia mama yake vizuri, akauliza kama maji ya kuoga yapo, akaingia bafuni na kufunga mlango kwa komeo. Mama akabaki nje na taulo mkononi.

Alikuwa amejiandaa mwezi mzima. Pembeni ya sebule alipanga maboksi ya viatu, vifuniko vya chupa, vitambaa na nyuzi. Siku ya pili akayatoa, wakaanza treni. Binti alibandika magurudumu matatu kwa adabu, kama mgeni anayesaidia kupanga vyombo nyumba ya watu, kisha akauliza kama angeweza kwenda kusoma. Mama akasema bila shaka. Akamalizia treni peke yake, mabehewa manne, kwa sababu ilikuwa imeshaanzwa.

Walikula, waliulizana habari za shule, wakaosha vyombo. Nyumba aliyokuwa ameizoea kuwa tupu ilikuwa na mtu ndani, na upweke wake haukupungua hata chembe. Ulikuwa umepata tu mtu wa kuutazama.

Siku ya nne binti alikuta daftari kubwa kwenye rafu, lile ambalo mama yake alibandika kila safu iliyotoka. Alikaa sakafuni nalo mchana kutwa. Mama alipotoka jikoni na vikombe viwili vya chai, binti hakuinua kichwa.

"Mama, huyu mtoto anakaa wapi?"

"Mtoto yupi?"

"Huyu wa gazetini."

Mama akaweka vikombe mezani. Akasema, "Huyo ni wewe."

"Siyo mimi. Mimi siogopi mende. Sijawahi kutengeneza kiwavi na wewe." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anasahihisha tu, kidole kikiwa juu ya mstari, kama mama yake awapo kazini. "Huyu hata shule hajaanza."

Yaliyofuata aliyatoa moja moja. Alieleza kwamba kule kwao gazeti la Jumapili hununuliwa kila wiki. Mke wa baba, ambaye yeye humwita mama mdogo, husoma safu kwa sauti na kutengeneza vitu hivyo na mdogo wake wa kiume. Yeye hukaa pembeni akisikiliza habari za binti wa mama yake. Alishamwuliza baba yake mtoto huyo ni nani, akaambiwa aachane na mambo ya magazeti.

"Nilijua una mtoto mwingine," alisema. "Ndiyo maana hukuja kunichukua. Kila nikija nachungulia chumbani, naona kitanda ni kimoja. Nasema umempeleka kwa watu ili nisimkute."

Mama Mkasi aliketi chini sakafuni, na chai ikapoa. Alimweleza yote kama yalivyokuwa: kwamba hakuna mtoto mwingine, hajawahi kuwepo, kwamba kazi ile alipewa kwa ajili yake, na alipoondoka hakuweza kuandika bila yeye. Akaendelea na yule aliyemkumbuka.

"Mbona hukuniandika nikiwa mkubwa?"

"Sikukujua ukiwa mkubwa."

Binti alifunga daftari, akalirudisha kwenye rafu mahali pake palepale. Hawakukumbatiana. Alikwenda kusimama kibarazani muda mrefu, na mama hakumfuata, kwa sababu hakujua kama mtoto huyu, wa umri huu, hupenda kufuatwa.

Siku zilizobaki mama alijifunza kuuliza. Rafiki yako nani? Chakula gani kinakukera? Ukiugua nani hukaa nawe? Mengine binti aliyajibu, mengine alisema hajui, na swali la mwisho alilijibu upesi mno: mama mdogo. Mama akaitikia kwa kichwa. Treni ya maboksi haikuguswa tena. Ila jioni moja binti alitoa nyuzi nne begini, akamwonyesha namna ya kusuka kamba ya mkononi, uzi wa nje unapita juu, wa pili chini. Mama alikosea mara sita. Binti alifumua kila mara bila kucheka, akasema, "Usivute sana, mama. Ukivuta sana inajikunja."

Wiki mbili zikaisha. Stendi walisimama bega kwa bega wakitazama watu wanavyopakia mizigo. Basi lilipoondoka binti alipunga mkono mara moja, kisha akageuka kuzungumza na msichana aliyekaa naye.

Ijumaa hiyo Mama Mkasi hakutandika magazeti mezani. Aliandika: "Binti yangu ana miaka tisa, na haishi nami. Mtoto mliyekuwa mkimsoma hapa ni yeye wa zamani, nami nilimzuia asikue. Niwieni radhi." Halafu akaeleza kamba ya nyuzi nne, hatua kwa hatua, na pale ambapo mzazi atakosea.

Mhariri alimwita. Alisema watu hufungua ukurasa ule kutafuta cha kubandika, hawatafuti cha kulia. Akauliza kama haingewezekana mtoto afikishwe tu miaka mitano, mambo yakaenda. Mama Mkasi akamjibu kwamba ama itoke hivyo, ama atafutwe mwandishi mwingine. Mhariri akakaa na karatasi ile, akavuta kalamu, akakata sentensi moja, ya kuomba radhi. Gazeti, alisema, likitaka kuomba radhi huomba kwenye ukurasa wa pili, penye masahihisho.

Ikatoka. Wapo walioandika kwamba wamedanganywa, na walikuwa na haki. Wapo waliosema nao watoto wao wako mbali. Wengi hawakusema lolote, walitaka kujua nyuzi za aina gani.

Wiki mbili baadaye, Jumapili kabla ya saa sita, simu iliita kwa namba ya baba wa binti. Mama Mkasi aliipokea haraka. Ilikuwa sauti ya mwanamke, na katika miaka yote hiyo hakuwa amewahi kuisikia.

"Samahani, dada. Ni mimi, huku kwa kina binti yako. Ile gundi ya unga ya kwenye safu yako ya leo imenitoka mabonge tupu."

Mama Mkasi alivuta kiti, akaketi. Kisha akamwambia aanze upya: unga akoroge kwanza na maji ya baridi mpaka ulegee, ndipo abandike motoni, na mwiko usisimame. Alisikia sufuria, maji, mtoto mdogo akidai achanganye yeye. Alisikia mwenzake akikoroga.

"Sasa inavutika," sauti ilisema. Halafu ikaongeza kwamba habari ile ya kamba binti aliikata gazetini mwenyewe, akaiweka ndani ya kitabu chake cha hesabu. "Yuko nje na wenzake wanaruka kamba. Nimwite?"

Mama Mkasi alitazama dirishani kwake, uwanja ukiwa hauna mtu.

"Mwache acheze," alisema.

Wakaagana. Nyumba ikarudia kimya chake. Jumapili hiyo zamu ilikuwa yake, kwa hiyo akafunga madirisha, akavaa viatu, akaenda kusoma kurasa za Jumatatu.