Utando wa Manjano

Watu wa maabara ya mbegu kule Kitale walidhani Nanyama anaipenda kazi. Wapi! Alichokipenda ni chuki yake. Miaka sita iliyopita Wangila, muuza mbegu wa Sirisia, alimuuzia baba yake mahindi ya kusaga yaliyopakwa rangi yafanane na mbegu. Hata robo hayakuota. Mzee aliuza ng'ombe wote, akaugua moyo, wakamzika kabla ya Krismasi. Siku za mwizi ni arobaini, lakini za Wangila zilikuwa zimepita elfu mbili.

Kwa hiyo Nanyama akamtegea. Alibuni ganda jipya la mbegu za kampuni yao: tando tatu za plastiki, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja ukipuliziwa na kukaushwa kabla ya unaofuata. Wa nje mwekundu, wa ndani wa kijani, na katikati wa manjano, mwembamba kuliko unywele, usioonekana bila hadubini. Mwigaji angepaka nyekundu tu, anaswe.

Mvua za Aprili zilipoanza, kampuni ilimtuma Bungoma kukagua maduka. Alianza na Sirisia. Wakulima walikuwa wamejaa dukani kwa Wangila, na Nanyama akaweka hadubini mezani makusudi, kila mtu aone.

"Kagua tu, madam," alisema Wangila akifuta jasho. "Hayo mambo ya zamani niliacha, bana. Sahii nauza safi."

Nanyama alikata punje kwa wembe, akainama. Nyekundu. Manjano. Kijani. Akakata ya pili, ya tano, ya kumi. Utando wa manjano ulikuwepo kila mahali, kazi ya mikono yake mwenyewe. Alitamani kulia kwa hasira. Mshenzi huyu ametubu bila ruhusa yake!

"Si useme basi," mtu akaita.

Hakuna mwingine pale aliyejua kusoma tando hizo.

"Ni feki," alisema. "Zote."

Duka likalipuka. Wangila alikamatwa shati akaburutwa hadi barabarani, mbegu zikamwagwa juu yake. Nanyama akaonja utamu alioungoja miaka sita, na ulikuwa mtamu kweli, asikudanganye mtu.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamshika mkono. "Asante, madam. Mimi nilipanda yake juzi, shamba yote. Wacha nikimbie nikafukue."

Nanyama alifungua mdomo. Kule kwenye tope, Wangila alikuwa anamtazama.

Akaufunga.