Maiki ya Tatu

Kila Jumapili, kabla watu hawajajaa, fundi sauti wa kanisa alisimamisha maiki tatu mbele ya kwaya: moja ya wasichana, moja ya wanaume, na ya tatu pembeni kabisa, upande wa akina mama. Alizivika kofia zake za sponji, akazigonga kwa ukucha moja moja, ndipo akarudi nyuma kwenye mikisa, mashine yake ya kuchanganyia sauti. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye sikio lisilosamehe. Waumini walisema video anazorekodi husikika vizuri kuliko ibada yenyewe.

Mbele ya ile maiki ya tatu alisimama mama yake mzazi. Hapo ndipo penye kazi.

Bi mkubwa aliimba kwa moyo wote, lakini sauti yake ilikuwa nyembamba, yenye mikwaruzo, na tuni haikumtii hata kidogo.

"Fundi," mwalimu wa kwaya alimtania, "mama yako haimbi wimbo, anaufukuza."

"Muache, mwalimu. Iko siku ataukamata."

Walicheka. Lakini kila Jumatatu fundi alijifungia kwenye stoo ya majoho, akazima feni isimvurugie, akavaa spika za masikioni na kuishusha sauti ya maiki ya tatu mpaka chini. Kwaya ikanyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Video ikishatumwa, alizifuta rekodi za mwanzo za kila maiki, maana diski ilikuwa ndogo na Jumapili nyingine iko njiani. Miaka sita alifanya hivyo.

Mama yake alitazama kila video, kisha akaibana simu sikioni.

"Mwanangu, mbona najiona lakini sijisikii?"

"Kwaya ni kubwa, mama. Sauti zimechanganyika."

"Basi labda simu yangu imezeeka kama mwenyewe."

Mama akaugua siku nne, ya tano akafariki.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, baba mtu alimwita bintiye. Mzee alikuwa amepofuka zamani. Alijua saa kwa joto la jua gotini.

"Mama," alimwambia, kama alivyozoea kumwita tangu mdogo, "wewe ibada zote unazo kwenye mashine yako. Niwekee wimbo mmoja nimsikie mwenzangu. Picha watazame wenye macho."

Fundi alisema haya, baba.

Siku tatu mfululizo alikaa stoo. Alifungua video moja baada ya nyingine. Mama yumo kila mahali: kitambaa kimekaa upande, macho kayafumba, kinywa wazi. Akipandisha sauti, wanasikika wanaume. Akiwapunguza wanaume, kunabaki mvumo kama wa mafuta kwenye kikaango. Alikwenda kwa mwalimu wa kwaya.

"Mwalimu, kwenye simu yako huna rekodi za mazoezi?"

"Ninazo," akajibu, kisha akatazama viatu vyake. "Ila nikitaka kurekodi, nilikuwa namtuma mama yako akaniletee maji."

Njiani kurudi, shetani alimnong'oneza: mtafute mama mwingine mwenye mikwaruzo, umrekodi, mzee haoni. Alilibeba wazo hilo mpaka mlangoni kwa baba yake. Alipomkuta kavaa shati safi, kakaa wima kama anayengoja mgeni, likamfia mkononi.

Alikaa chini, kwenye mkeka, akamwambia yote. Maiki. Jumatatu. Miaka sita.



"Aliniambia simu ndiyo mbovu," mzee akasema. "Tuliipeleka kwa fundi simu mara mbili. Fundi akasema haina kitu. Mama yako akamwambia hajui kazi."

Binti alijaribu kusema nisamehe, baba yake akamtangulia.

"Ulimwonea aibu?"

"Nilitaka isikike vizuri, baba."

"Ehe," akasema mzee, na halikuwa swali wala jibu. Alipapasa mpaka akakipata kichwa cha bintiye, akakiwekea mkono. "Iweke hivyo hivyo."

"Hayumo, baba."

"Kwenye picha yumo?"

"Yumo."

"Basi niambie akifungua kinywa."

Fundi alifungua kompyuta juu ya kigoda. Kwaya ikaanza, sauti zimepangana, hakuna inayomkanyaga mwenzake. Mzee alisogeza sikio karibu kabisa na spika.

"Sasa," binti akasema.

Mkono kichwani pake ukatulia. Ubeti ukaisha, ukaja mwingine.

"Bado anaimba?"

"Bado, baba."

Mzee alizidi kuinama.