Mwalimu Asiyehitimisha Mtu

Mshamu alirudi Kibiti kutoka Dar es Salaam na koti moja, ubao mmoja na akili ya biashara. Ilikuwa miaka ile Mwingereza akihubiri kisomo cha watu wazima kila penye mkutano, naye akaona hapo pana soko. Akakodi ghala tupu la mpunga, akafungua darasa kila baada ya alasiri. Siku ya kwanza bure; baada ya hapo, kibaba cha mchele kila juma.

Sote tukaenda, hata wakata mikoko waliokuja kuuza boriti.

Mbinu yake ilikuwa moja: mwanafunzi akihitimu, mchele wake nao umehitimu. Basi hakuhitimu mtu. Ukimaliza kitabu, unaambiwa sasa ujifunze kusoma bila kutembeza kidole. Ukiweza, kuna kusoma kimyakimya. Ukilalamika, anacheka: "Elimu haina mwisho." Na ili tusimkimbie, alitufundisha kwamba mwalimu ni baba. Wazee wenye mvi wakawa wanamwamkia, "Shikamoo, baba," naye anaitikia bila haya. Ilikuwa inanichefua, lakini nami nilimwamkia.

Mwanafunzi wake bora alikuwa mzee Kondo, mkulima wa mpunga. Kondo alikuwa na binti, Mwajabu, na Mshamu akampenda kwelikweli, hata chakula kikawa hakimpiti. Mwajabu naye alimpenda. Basi Mshamu akapeleka posa.

Kondo akamjia mwenyewe ghalani, mbele yetu.

"Baba, posa nimeiona. Lakini wewe si baba yangu?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Basi Mwajabu mjukuu wako. Babu na mjukuu wana utani, wataitana mke na mume mpaka wachoke. Ndoa hapana! Labda unihitimishe kwanza, nitoke mikononi mwako."

Tulicheka mpaka ubao ukaanguka. Mshamu hakucheka. Alimvuta Kondo pembeni, akamnong'oneza kwamba atamhitimisha yeye peke yake, kwa siri.

"Kuhitimu gani kusiko na ubwabwa wala mashahidi?" Kondo akauliza kwa sauti. "Nani atajua mie si mwanao tena?"

Na mashahidi ni sisi, ambao siku hiyohiyo tungedai kuhitimu wote, na ghala lingebaki na panya. Mshamu akaomba muda. Juma lililofuata akamletea Kondo kitabu kipya.

Kondo akakipokea kwa mikono miwili, akaketi, akasoma. Mvua za masika zilipokwisha alikuwa bado anasoma. Ndipo Shaabani, kijana wa kijiji cha Mahege asiyejua hata a, akapeleka posa yake, ikakubaliwa. Mwanamkuu, mama wa Mwajabu, alimuuliza bintiye kama ameridhia.

"Nilimngoja Mshamu amhitimishe baba," Mwajabu alijibu huku analia. "Yeye akamwongezea kitabu."

Siku ya harusi Mshamu aliwekwa mkeka wa mbele, pamoja na wazee. Shaabani akatoa ada zote kama inavyopasa, na ilipofika zamu ya babu wa bibi harusi, akamvika Mshamu kilemba cheupe. Wanawake wakapiga vigelegele. Kisha Mwajabu akaletwa kuaga, akapiga goti, akamshika mkono.

"Shikamoo, babu."

Darasa zima lilikuwa linamtazama. Mshamu akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu."